Toa Tano

Ijumaa, baada ya isha, nyuma ya duka la fotokopi Tononoka,
Nyevu huzima mashine, hutandika kitambaa
juu ya maboksi ya karatasi, na pango huanza.
Sisi wanne na feni moja.
Ramani imechorwa mgongoni mwa risiti zilizoharibika.
Jitu ni kizibo cha soda, chekundu, kilichopindika.

Mchana mimi ni mtu wa mizani.
Napima malori langoni, Kilindini.
Kilo kumi zikizidi nasema zimezidi;
dereva ataapa, atataja jina la mjomba wake,
nami nitamwonyesha namba. Namba haina mjomba.
Miaka kumi na mmoja sijakosea.

Ijumaa naitwa Dhoruba bin Shoka.
Shoka lenyewe refu kunizidi,
na kwenye karatasi yangu, kwa penseli,
kanuni moja nimeipigia mstari mara mbili:

     Toa tano za shabaha,
     ongeza kumi jeraha.

Isome polepole. Ni biashara.
Kabla dadu halijatoka mkononi
watangaza kwa mdomo wako, watu wakisikia,
kwamba umekubali kuona vibaya
ili ukipata, upate haswa.
Huwezi kubahatisha kisha ukadai ulikusudia.
Walipa kwanza,
na duka laweza kuwa limefungwa.

Shekuwe hanivumilii.
Yeye ana upinde, na upinde una hesabu.
"Ngozi ya jitu hili kumi na nane," aniambia.
"Wewe, kwa kawaida, dadu likileta kumi na moja, umepata.
Ukitoa tano, wataka kumi na sita.
Nusu ya mapigo yako umeyatupa chooni.
Haya, na kidonda? Kilikuwa kumi, sasa ishirini.
Nusu ya mara, maradufu ya kidonda:
sawasawa, ndugu yangu! Hujafaidi hata thumni.
Umenunua kelele."

Najua.
Nilishaipima, peke yangu, kibandani, kati ya lori na lori.
Sahani zimelingana, sindano haitikisiki.
Ndiyo maana nachagua.
Zingeelemea upande, ningefuata upande.

Baba alikuwa mcheza keram, Kibokoni.
Kidole chenye poda, pumzi imezuiwa,
kete nyeusi yaingia shimoni bila sauti.
Na maneno aliyapiga hivyo hivyo.
"Vyema," aliniambia, mara mbili maishani mwake,
na zote mbili zilipata, hadi leo naweza kukuonyesha pahala.
Lakini mimi nilikuwa mtoto. Nilitaka arushe kubwa,
ikose, ivunje taa,
tuokote vigae pamoja.

Basi. Usiku huu jitu limechoka.
Nyevu, ambaye hafichi, asema: uhai wake umebaki tatu.
Mwanakhamisi, tabibu wetu, amezirai chini ya unyayo wake,
na kwa kuwa amezirai, anakula hamri la mwisho.
Zamu yangu.
Wote wananitazama mdomo, kama mtu anayengojewa kutapika.

Tatu. Hata kijiti cha meno kingeua.
Shoka langu lote, na kinachotakiwa ni tatu.

"Kawaida," nikasema.
Neno lilitoka kama kiatu cha mtu mwingine.

Dadu likagonga kikombe, likazunguka, likalala:
kumi na tatu.
Ningetoa tano, ningekosa.
Jitu likaanguka. Nyevu akakiondoa kizibo kwa kucha,
akakiweka mfukoni.
Hakuna aliyepiga kelele. Feni iliendelea.
Nilijiona nimeibiwa kitu, sijui na nani.

"Vyema," akasema Shekuwe,
akihesabu mishale yake, hakuinua macho.

Nikachukua penseli.
Pembeni mwa karatasi, padogo, nikaandika: tatu.