Peni Nane kwa Neno

Chuo kikuu kinanilipa peni nane kwa neno.
Kimya hakilipwi, ila sharti nikiandike,
katika mabano, kwa sekunde.

Dundee, Novemba. Ukungu umepanda kutoka baharini,
umelimeza daraja la Mto Tay, sasa unalamba dirisha.
Chai ya maziwa imeshika utando.
Mbele yangu karatasi ya ridhaa, kurasa tatu,
na sauti za wanaume kumi na wanne
waliokuwa vijana utafiti ulipoanza.
Leo wanaulizwa wanakumbuka nini.

Kwanza neno lenyewe.
Kwa Kiingereza ni kukata kwa kuzunguka, basi,
neno kavu kama risiti.
Mimi nikiandika tohara
nimekwisha kumwambia mtu kwamba ni najisi.
Nani atie sahihi kuukataa usafi?
Nikaandika kukata govi.
Dakta Pringle akanipigia simu: "Wenzako wanasema ni tusi."
Nikamjibu ni tusi, naam,
lakini ni tusi lisilompigia debe mtu.

Kisha kinga.
Ukimwambia mtu ana kinga, hakuulizi ya kiasi gani.
Nilikwenda ukumbini kuwasikiliza wenyewe.
"Asilimia sitini," alisema Profesa Abernethy,
"ni makaburi ambayo hayatachimbwa."
"Sitini ya nini?" Profesa Lidgate alikuwa kasimama,
miwani mkononi. "Ya wangapi kati ya wangapi?
Na mbona mlifunga hesabu kabla ya siku zake?
Na wake zao, wao wanakingwa na nini?"
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Kila mmoja alikuwa na kijinga chake
na mimi, safu ya nyuma, nilimwamini kila aliyekuwa akisema
mpaka alipokaa.

Nyumbani Ochola alicheka.
Kwao mtu mzima alijulikana kwa pengo,
meno sita ya chini; baba yake alipiga mluzi humo hadi kufa.
"Hakuna aliyepanda ndege kuja kupima
meno yale yanakinga nini."
Yeye mwenyewe alikatwa hapa hapa, ukubwani,
akatembea wiki nzima kama mtu aliyebeba mayai,
kwa kuwa mama yangu, Pangani, alisema mkwe ni mkwe aliyetahiriwa.
Utafiti wa mama haukuwa na kundi la kusubiri.
Mtoto wetu Were ana miaka tisa.
Juu yake hatujapatana.

Usiku, sauti ya tisa.
Jina hana, ana namba.
"Tuliingia wawili, mimi na rafiki yangu.
Bahasha yake ilisema leo.
Yangu ilisema subiri miaka miwili.
Nilishukuru Mungu, kisu nilikuwa nakiogopa."
"Na baada ya ile miaka miwili?"

[kimya, sekunde 11]

"Rafiki yangu siku hizi ana lori. Yuko Mombasa."

Nimekirudia kimya hicho mara sita.
Kwenye sekunde ya nne jogoo anawika.
Kwenye ya saba mtu anaburuta sufuria sakafuni.
Abernethy angesikia humo: laiti angekatwa siku ile ile.
Lidgate angesikia: oneni mlichomfanyia.
Huenda anaumwa. Huenda ni mzima kama kigogo
na swali limemchosha, maana si mara ya kwanza kuulizwa.
Fomu ina safu ya umri, ya ndoa, ya mipira,
ya dini, ya mara ngapi kwa mwezi.
Jogoo nimekosa pa kumweka.

Were ameshuka ngazi bila viatu.
Ananivua kisikizi kimoja, anakitia sikioni mwake.
"Mama, huyo jogoo ni wa wapi?"
Namwambia hairuhusiwi kusema.