Kituo Kidogo Kooni

Asubuhi Luʻukia alibandika karatasi kwenye friji
mumewe asije akasema hakuambiwa:
Ua moa ka moa.
Alikusudia: kuku ameiva.
Alichoandika: kuku amekuwa kuku.
Tadao, fundi umeme mstaafu, asiyejua hata neno,
alisoma, akafunua sufuria, akala paja.
Habari ilimfikia hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa alama moja,
ndogo kama kipande cha ukucha kilichoruka.
Ukiifikia, koo lajifunga, lajifungua,
kama mtu aliyetaka kusema jambo
akakumbuka kwamba kuna wageni.

Mji ni Hilo, siku ni Alhamisi,
na mvua ya Hilo haina hodi.
Posta kwanza: kifurushi cha mwanawe
aliyehamia Las Vegas, kama nusu ya darasa lake,
kutafuta nyumba ambayo mshahara unaiweza.
Plamu za chumvi, kahawa, soksi za sufu.
Karani akapima. Limezidi, mama. Kidogo tu.
Akatoa soksi.
Akazivaa palepale, mbele ya foleni nzima,
maana alizokuja nazo zilikuwa zimeshalowa.

Sokoni mfuko wa poi ukapasuka,
uji ule mzito wa magimbi, rangi ya jioni,
ukateremka taratibu kwenye mkono wa koti.
Muuzaji akamtupia kitambaa.
Luʻukia akamshukuru kwa Kihawaii;
muuzaji akamjibu kwa Kiilokano,
wakacheka, kila mmoja kwa lugha yake,
chenji ikapungua dola moja.

Halafu mlango wa gari: pah.
Funguo zikamtazama kutoka kwenye kiti.
Na nani anapita, mwavuli mkononi,
kama si Kaʻeo, mwalimu wake,
kijana wa miaka ishirini na minne
aliyenyonya lugha hii pamoja na maziwa.
Luʻukia akakaza mgongo, akaunda sentensi nzima,
ya kwanza maishani kutoka pasipo daftari:
Aia ke kī i loko o kou kaʻa!
Kaʻeo akashtuka, akajipapasa mifuko,
akakimbia kwenye mvua hadi gari lake mwenyewe,
akarudi na funguo zake zikining'inia.
Ziko hapa, shangazi.

Koʻu ni langu. Kou ni lako.
Katikati pana pumzi moja iliyokatwa.

Waya wa koti ukafungua mlango baada ya nusu saa
na ukucha mmoja wa Kaʻeo.

Jioni, chumba cha maktaba, viti vya plastiki,
wanafunzi tisa, mdogo kabisa ana miaka hamsini.
Neno la leo ubaoni: leo.
Maana yake, sauti.
Waliitamka kwa zamu. Ilipofika zamu yake
Luʻukia alikuwa jikoni kwa bibi yake, miaka sitini nyuma.
Bibi alikuwa nayo lugha yote, haikupungua hata jina la samaki,
lakini aliitumia kwa Mungu na kwa kuku tu.
Mtoto akitokea mlangoni, alibadili haraka
kama mtu anayeficha chupa.
Shuleni walikuwa wamemchapa viganjani.
Hakulisimulia hilo. Walilijua
kwa vile alivyokuwa akiosha vyombo.

Shangazi? akasema Kaʻeo.
Leo, akasema Luʻukia,
kwa nguvu kupita kiasi. Mtu nyuma akaangusha kalamu.

Amefika nyumbani saa tatu usiku, nguo zanuka magimbi.
Tadao amelala mbele ya televisheni.
Sufuria imeoshwa, imefunikwa kifudifudi.
Anavua soksi za mwanawe, anazianika kwenye mpini wa tanuri,
anachukua kalamu,
na kwenye karatasi ya asubuhi, mahali pake,
anatia kile kipande cha ukucha.
Anasoma kwa sauti ya chini. Koo lajifunga, lajifungua.
Sasa kuku ameiva.