Zamu ya Usiku, Micheweni

Daftari la wodi linataka 01:00.
Mdomo wangu unasema saa saba.
Mwili hausemi lolote,
ila tumbo linadai daku
na Ramadhani bado miezi minne.

Bi Zuwena wa kitanda cha tatu
ananiona nasinzia, sindano mkononi:
"Lala kidogo, mwanangu.
Dripu nitaiangalia mie."

Asubuhi natundika kanga dirishani.
Nje wanaanika karafuu, wanagombana kuhusu mkeka.
Jua linapenya kwenye jina la kanga
herufi moja moja, hadi machoni.
Usingizi umekaa barazani, hauingii.

Saa tisa mchana ndipo unaingia, bila hodi,
na Shaame keshatoka skuli,
anagonga:
"Mama, kwako bado jana?"