Ya Muda Tu

Usiku kiini kimejivua gamba tena.
Asubuhi nimekikuta kipya, kinang'aa,
na jicho la kupimia magogo limekufa.
Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Misonobari imepanga foleni kwenye mkanda,
ina theluji mgongoni, haina haraka.
Mwenye haraka ni Raimo wa zamu,
anapiga simu kila dakika nne:
"Vipi, Sirkka, limeona?"
Halijaona.

Natoa amri ya kujenga. Skrini inamwaga makosa,
mistari arobaini na mmoja, chanzo chake kimoja:
kitendo kilichoridhika na hoja tatu
sasa kinadai ya nne.
Hatukuletewa barua. Nani angetuletea?
Waliomo ndani ya mti hutengenezwa pamoja na mti;
anayegusa shina hupitia matawi yote,
moja moja, kwa adabu.
Sisi tuko nje. Mwana wa nje
habari za msiba huzisikia kwa majirani.

Si kwamba hatukubisha hodi.
Veikko alibisha, mwaka ule ziwa Lentua lilipofurika,
akapeleka msimbo wote, mistari elfu mbili na ushei.
Wakamjibu kwa upole: nyoosha nafasi zako,
gawa vipande vidogo, kisha utuambie,
nani mwingine duniani ana kadi hii?
Akahesabu. Yetu, na ya akiba
inayolala droo ya chini ndani ya soksi ya sufu.
Kampuni iliyoziunda ilishakufa, jengo lake linauza rangi.
Hakuwajibu.

Nafungua faili lake.
Kama kiini ni kipya kuliko hiki, fanya hivi.
Kama ni kikuukuu kuliko kile, fanya vile.
Kama, na kama, na kama,
pete ndani ya pete, gogo lililokatwa:
hapa mwaka wa shibe, hapa wa ukame,
hapa mwaka Veikko alipofiwa na mkewe,
mstari mmoja kauandika mara mbili.
Sijaufuta. Haumdhuru mtu.
Juu kabisa, neno lake la miaka kumi na mmoja:
"Ya muda tu. Nitaiondoa wiki ijayo."

Naongeza kama yangu.
Hoja ya nne naipa sifuri, labda itashiba.
Najenga. Kimya,
na kimya cha mashine hii ndiyo ndiyo yake.
Napakia moduli. Kiini kinanung'unika,
kinaandika kwenye daftari lake kwamba kimetiwa doa
na kitu cha nje.
Nimezoea kuwa doa.
Taa ya kadi inageuka kijani.

Raimo anapiga. Safari hii hana swali:
gogo la kwanza, sentimita thelathini na moja,
limepinda kidogo upande wa kisiki.

Chini ya neno la Veikko naandika tarehe, jina langu,
na kwa kuwa sina la kweli zaidi:
"Ya muda tu."
Halafu navuta droo ya chini,
naipapasa soksi.