Maharage ya Bulongwa

Kwetu Bulongwa maharage yalikuwa kesi.
Mama alizaliwa Ipinda, kule chini,
kakao inakokauka uani na joto halina adabu.
Akaolewa huku juu. Baridi ilimpokea mlangoni
kabla ya mawifi.

Akabandika maharage asubuhi;
jua likavuka bonde, likazama upande wa Uwanji,
maharage bado yanagonga sufuria kama kokoto.
Bibi akasema: binti wa joto hajui moto.
Baba akanyamaza, akameza moja moja kama vidonge.
Miaka kumi na minne
kesi ile haikupata hakimu.

Shahidi nilimleta mimi, bila kujua.
Alikuwa mkobani, hana jalada,
kurasa za mwanzo zimeliwa na panya wa stoo ya shule:
kitabu cha fizikia, kidato cha pili,
nilichoazima kwa Mwalimu Tweve kwa sahihi na onyo.
Nilizoea kukisoma peke yangu chini ya blanketi,
midomo inatembea, akili imekaa,
kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

Usiku ule ukungu ulishuka hadi kizingitini.
Taa ya sola iliyobaki ilikuwa moja,
nayo ilikuwa jikoni.
Lusajo akauliza, "Dada, unanong'ona nini?"
Nikamsomea. Akacheka.
Kitabu ni cha Kiingereza,
na jikoni kwetu Kiingereza hakina kigoda.

Basi nikaanza kukihamisha, neno kwa neno,
kama mtu anayevusha mbuzi mtoni.
Palipoandikwa uzito wa hewa juu ya maji
nilikwama. Baba, ambaye aliishia darasa la saba,
akasema bila kuinua macho kwenye mahindi anayopukuchua:
"Mgandamizo. Kama gunia la viazi mgongoni.
Ukilitua, unainuka upesi."

Hapo ndipo nilipoelewa.
Nilikuwa nimepata alama sabini na nane kwa mada ile ile
na sikuwa nimeielewa.

Nikasoma tena, sasa kwa sauti:
huku juu hewa ni nyepesi,
maji yanainuka upesi, yanachemka kabla ya joto la mia;
yanatokota kwa kelele, lakini moto wake ni pungufu.

Mwiko wa mama ukasimama.
"Rudia."
Nikarudia.
"Rudia, bibi yako asikie."

Bibi alivuta kaniki mabegani.
Alikaa kimya hadi kuni ikavunjika yenyewe.
Kisha: "Nilipokuwa msichana tuliteremka Matema kwa miguu,
tukabadilishana ngano na samaki.
Maharage ya kule yaliiva
kabla sijamaliza kuchomoa mwiba mguuni.
Nilidhani ni maharage ya watu wavivu."

Jumatatu Mwalimu Tweve alinipa kipimajoto
kimefungwa ndani ya soksi ya mwanawe.
Tuliinamia sufuria watu watano, vichwa vinagongana.
Maji yalitokota, yakapiga kelele, yakaapa.
Lusajo ndiye aliyesoma:
tisini na tatu.
Tukangoja. Tisini na tatu.
Mama hakusema neno. Alitoka nje,
akarudi macho yamelowa, akasingizia moshi.

Kitabu kilirudi shule na doa la mafuta, ukurasa wa sitini na mbili.
Nilichapwa maneno, nikaazima kingine.

Wewe unayesoma chini ya blanketi, nakuomba:
siku moja tu, fungua kitabu chako penye moto.
Wasomee wanaomenya viazi.
Watakuuliza swali ambalo mtihani hauna,
nawe utatoka jasho, na ni sawa.

Bibi hakuomba radhi; si desturi yake.
Ila kesho yake alfajiri nilimkuta jikoni,
amechagua jiwe la mtoni, bapa, amelisugua mchanga,
analiweka polepole juu ya mfuniko wa sufuria ya mama.

"Hewa imetupunja," akasema.
"Tuiongezee gunia."