Daftari la Watoto

Stoo ya kanisa, Mwakaleli, ndiyo darasa letu:
majembe ya ushirika, masufuria ya misiba,
ngazi isiyo na kipago cha tatu,
na mlango mkuukuu nilioupaka masizi ya betri
na majani ya maboga, ukawa ubao.
Watoto huingia na harufu ya moshi na maziwa.
Mabuti huachwa kizingitini, yameachama
kama makinda yanayongoja kulishwa.

Siku sita nachuma chai. Ya saba
vidole hivi vyeusi vya utomvu hushika chaki,
na sijui ni nani aliyenichagua.
Siku ile nilikuja kuazima sufuria tu.

Jumapili iliyopita nilifundisha kondoo aliyepotea.
Mvua ikashuka. Huku kwetu mvua haisemi na mtu,
husema na mabati, nasi hungoja imalize.
Tukangoja. Ambakisye akatumia nafasi hiyo
kula parachichi la sadaka.
Ilipopungua, Gwamaka akanyoosha kidole:
“Mwalimu, wale tisini na tisa aliwaachia nani?”

Nimefundisha miaka kumi na mmoja.
Nikafungua Biblia kana kwamba jibu limekunjwa humo.
Halimo.

Hapo ndipo nilipomwona mlangoni,
nusu yake ndani, nusu yake kwenye matone,
kitenge cha mama yake kichwani.
Nilimjua. Nani asimjue?
Mama yake hukaa benchi la nyuma, chini ya saa iliyosimama,
tangu baraza la wazee lilipolisoma jina lake mbele yetu.
Meza ya Bwana ikitandikwa, yeye huangalia mikono yake.
La mtoto halikusomwa.
Lakini wapo waliolisikia.

Daftari langu lina safu tatu: Jina. Baba. Ubatizo.
Mzee Mwaikasu ndiye aliyezipiga mistari, kwa rula,
na wino wake hautaki mzaha.
“Unaitwa nani?”
“Subilaga.”
Tumaini, kwa lugha ya nyumbani;
jina ambalo mtu humpa mwanawe
akiwa amebakiwa na hilo tu.
“Baba?”
Akatazama mabuti ya wenzake.

Nikaandika Subilaga kwa penseli.
Nasema kweli: kwa penseli, ili lifutike
mzee akiuliza. Huo ndio ujasiri niliokuwa nao.
Safu ya pili nikairuka. Ya tatu nikairuka.
Nikasema, “Ingia, mwanangu, unalowa,”
sauti yangu ikatoka ndogo kuliko Injili.

Wala si mimi niliyempisha. Ni Gwamaka:
alijisogeza, akamsukuma Tusajigwe,
Tusajigwe akamsukuma Ambakisye na parachichi lake,
benchi zima likalia kama bawaba,
hadi wa mwisho akaanguka chini, wakacheka,
na palipotokea kicheko pakawa na nafasi.

Akakaa. Maji yakimchuruzika visigino.
Nikaanza kufuta ubao, maana sikuwa na la kusema.
Nyuma ya mgongo wangu, bila kunyoosha kidole:
“Walichungana.”
“Nani?”
“Wale tisini na tisa. Hawakuachiwa mtu.
Walichungana wao kwa wao.”

Gwamaka akalitafuna jibu, akaridhika.
Mimi bado.

Usiku, kibatari kikipepesa, nikalifungua daftari,
nikapita juu ya penseli kwa kalamu, polepole,
kama mtu anayefuata nyayo za mtoto kwenye tope.
Safu ya Baba ingali tupu. Sina wino wa hapo.
Na mama yake yuko palepale, chini ya saa,
na saa haijatengenezwa.

Ila stoo limebaki buti moja la kushoto
lisilo na mwenyewe: walivaa ovyo, wakawahi nyumbani
kabla mvua haijarudi.
Nimelikung'uta tope, nimeliweka juu ya masufuria.
Jumapili tutajua
ni nani ametembea wiki nzima
na la mwenzake.