Pai ya Mchungaji

Ngazi zinashuka chini ya hoteli, hapa Qurum,
na kiyoyozi kinatupokea kama shangazi
asiyejua kukumbatia polepole.
Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mishahara imeingia,
ya watatu kati yetu wanne.

Huku chini ni Ayalandi.
Ayalandi ya mbao mpya zilizokwaruzwa zionekane kuukuu,
ya baiskeli inayoning'inia darini, haijawahi kukanyaga njia,
ya vitabu vilivyogundishwa rafuni visifunguke
(Kerubo alijaribu mwezi wa Mei, akavunjika ukucha),
na kibao cha kijani kinachotuapia
kwamba Galway ni kilomita tatu, kata kushoto.
Kushoto ni choo.

Marivic analeta menyu. Yeye kwao Iloilo,
mpishi wa Kerala, mpiga gitaa wa Colombo.
Mwayalandi tunamtafuta mwaka wa pili huu.

"Hii nini?" Mwadime anauliza, kidole juu ya mstari.
Nami, ninayelipwa kule Ruwi kufasiri madai ya bima,
nafasiri bila kufikiri:
pai ya mchungaji.

"Wa dhehebu gani?" anadakia Kerubo.
"Na sadaka wanakusanya kabla, au baada?"
Zuweina anacheka hadi tangawizi inamtoka puani,
anajipangusa kwa ncha ya mtandio,
anasema, kwa lafudhi aliyorithi kwa bibi yake wa Chake:
"Masikini, kondoo wake si ndo hawa, chini ya viazi."

Inakuja. Viazi vimepondwa, vimechorwa kwa uma
matuta kama ya shamba lililolimwa jana,
na chini yake nyama ya kusaga, njegere, mvuke.
Mwadime ameagiza maji tu. Tumbo, anasema, linamsumbua.
Gereji yao haijalipa tangu Juni.
Kerubo ni muuguzi; anajua tumbo linalouma
na tumbo linaloona haya.
Hasemi neno. Anaisukuma sahani katikati ya meza,
anageuza kijiko, mpini ukamwelekea yeye.
Mwadime anakula vipande vidogo vidogo,
kama mtu anayepima dawa.

Kijana wa gitaa anaimba juu ya mvua,
katika mji ambao tangu Machi haujaona tone,
na Zuweina, macho darini, anasema ghafla:
"Mnajua kwa nini napapenda hapa?
Ofisini mimi Mzinjibari.
Nikishuka Unguja, dereva wa teksi
ananitajia bei ya Mwarabu.
Humu kila kitu kinajisingizia, hata baiskeli ile.
Basi na mie nakaa. Siulizwi."

Tulikosa la kumjibu.
Nikamwongezea barafu, ndilo lililokuwa karibu.

Bili ikaja ndani ya kikombe cha bati:
riali ishirini na tisa na baisa mia sita.
Mwadime akaanza kupapasa mfuko,
mfuko wa shati, kisha wa suruali, kisha tena wa shati,
mpaka Kerubo akamshika kiwiko.
"Wacha. Sadaka ilishakusanywa kabla."
Akaitazama baiskeli muda mrefu
kama anayeifikiria mnyororo.

Nje, joto la Agosti lilitushika koo,
miwani yangu ikaingia ukungu, sikuona ila taa ya kibanda
na Shikuku, mlinzi wa maegesho, akiinuka kitini.
Tulimfungia iliyobaki kwa karatasi ya fedha.
"Leo mmeniletea nini?"
"Pai ya mchungaji."
Akavua kofia, nusu mzaha, nusu kweli,
akafungua pembe moja, akanusa.
"Na mchungaji mwenyewe? Kabakiwa na nini?"

Nilikuwa nafuta miwani, sikuwaona nyuso,
ila sauti niliijua, na kicheko nilichokikosa usiku kucha.
"Mchungaji," Mwadime akasema,
"anasubiri mshahara."